Mwaka 1884 kwenye kasiba: kisa cha bunduki ya wenzo iliyopatikana darini, Pemba

Majina, kijiji na kila kinachoweza kuitambulisha familia nimeviondoa. Familia imeridhia kisa kiandikwe. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi vyuma vya kale, na katika kisa hiki nilikosea mara mbili. Makosa yote mawili yamo humu.

Usuli

Nyumba ilikuwa ya shamba, katika upande wa Pemba wenye mikarafuu. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja ikaiacha ya Pemba imesimama, na kwa muda mrefu baada ya hapo fedha ya karafuu ikawa huku. Nyumba za namna hiyo zilikusanya vitu: sahani za Kichina, saa za ukutani, sanduku za njumu, na mara nyingine silaha.

Mafundi waliokuja kubadilisha paa walikuta juu ya dari kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia la karafuu na kufungwa kamba ya usumba. Gunia lilikuwa limeganda kwenye chuma. Ndani yake mlikuwa na bunduki isiyokamilika: kasiba (bomba refu ambamo risasi hupita), sanduku la mtambo lenye bolti (kipande kinachoteleza kuifunga kasiba kwa nyuma) na nyundo, na wenzo wa chini, yaani mkono wa kuuendesha mtambo, uliovunjika kwenye tanzi la kuingizia vidole. Kitako hakikuwepo. Ubao wa mbele, bomba la risasi linalokaa chini ya kasiba, kilango cha kujazia risasi, shabaha ya mbele na ya nyuma, vyote havikuwepo.

Mjukuu wa nyumba, kijana mwerevu na mwenye haraka, aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea "aitoe kutu". Fundi akaipitishia grainda yenye brashi ya waya kwa muda unaokaribia robo saa. Chuma kiking'aa, mjukuu akaona juu ya kasiba herufi chache na tarakimu nne: 1884. Akaingia mtandaoni, akapata jina la Winchester, kiwanda cha bunduki cha Marekani, akapata na habari ya Stanley.

Habari hiyo yenyewe ni ya kweli. Februari 1887 Henry Morton Stanley alifika Unguja kujiandaa na safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Akafanya mkataba na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, wakaondoka pamoja kwa meli kuelekea mlango wa Mto Kongo. Katika orodha ya zana za msafara ule mlikuwa na bunduki 50 za Winchester za mfululizo, zinazopiga risasi kadhaa bila kujazwa upya kila mara. Mjukuu akaunganisha: bunduki ya 1884, msafara wa 1887, familia ya Pemba iliyokuwa na watu bara. Nilipopigiwa simu tayari alishatokea mnunuzi, na bei aliyotaja ilikuwa bei ya jina la Tippu Tip. Chuma chenyewe hakikuwa na thamani ile.

Siku za mwanzo: kabla ya historia, risasi

Jambo la kwanza nililomwambia mjukuu ni kwamba asiiguse tena na asimwonyeshe mtu. La pili, tuende kwa sheha, na kutoka kwa sheha tuende kituo cha polisi. Aliogopa, na nilimwelewa. Lakini bunduki iliyokutwa darini bila kibali ni bunduki bila kibali. Umri wake ni hoja ya baadaye, na hoja hiyo unaijenga vizuri zaidi ukiwa umekwenda mwenyewe.

Polisi walileta fundi wao wa silaha, mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyeongoza hatua hii. Bolti ilikuwa imekwama kwa kutu, kwa hiyo hatukuweza kufungua tuone kama mna risasi. Alichukua kijiti cha mbao laini na kukiingiza polepole mdomoni mwa kasiba mpaka kikagota, akatia alama. Kisha akakilaza kwa nje, sambamba na kasiba. Ukitazama kwa juu unauona mstari ambapo uso wa bolti unakutana na kasiba, na kijiti kilipaswa kufika pale. Kilipungua kama sentimita 7.

Risasi ya namna ninayoieleza hapo chini ina urefu wa takriban sentimita 4, kwa hiyo kizuizi kile hakikuwa risasi peke yake. Kingeweza kuwa risasi na kitu kingine juu yake. Mjukuu akapendekeza tuchokoe kwa waya. Fundi wa polisi alimtazama tu.

Bunduki ikahesabiwa kuwa imejazwa. Mdomo ukaelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, na kwa siku tisa tukawa tunatia mafuta ya kulegeza kutu kwa nyuma, kwenye maungio ya bolti, bila kugonga. Siku ya kumi wenzo uliovunjika ulisogea kidogo, kisha ukashuka wote. Chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya kasiba, ilikuwa tupu. Mbele yake mlikuwa na udongo mkavu, mgumu kama tofali: nyumba ya nyigu. Tulicheka, ila ni kicheko ambacho mtu hukitoa baada ya kupumua.

Kuitambua

Mjukuu alianza na maandishi. Mimi nilitaka kuanza na umbo, kwa sababu maandishi unaweza kuyasoma vibaya, na kwenye chuma kilichopigwa grainda unaweza hata kuyasoma yasiyokuwepo.

Wazee wengi mashambani huita bunduki yoyote ya zamani gobori. Gobori hujazwa baruti na risasi kwa mbele. Hii ilijazwa nyuma, kwa hiyo jina hilo lilitoka mapema. Wenzo wa chini ulimfanya mmoja wa maaskari aseme Martini, na hakuwa mbali, maana Martini-Henry ya Waingereza iliyoanza kutumika mwaka 1871 nayo ina wenzo chini. Lakini Martini hupiga risasi moja moja; haina bomba wala bolti inayokwenda mbele na nyuma, bali kipande cha chuma kinachoshuka kuifungua chemba. Yetu ilikuwa na tundu la bomba chini ya kasiba na nafasi ya kilango upande wa kulia. Ilikuwa ya mfululizo.

Katika za mfululizo za Winchester tofauti zinaonekana bila kusoma herufi hata moja. Ya mwaka 1873 ina vibao vya pembeni vinavyofunguka, kifuniko cha vumbi kinachoteleza juu, na ndani yake kipandishio cha risasi cha shaba ya njano. Yetu ilikuwa na sanduku la kipande kimoja, bila kibao wala kifuniko. Ya mwaka 1894, ukishusha wenzo, sehemu ya chini ya sanduku nayo hushuka. Yetu haikushuka. Ya mwaka 1895, ile aliyokuja nayo Theodore Roosevelt kuwindia simba Afrika Mashariki mwaka 1909, ina kisanduku cha risasi kinachoning'inia chini, haina bomba.

Tulichokuwa nacho ni vipingo viwili vya wima, kimoja kila upande wa bolti, vinavyopanda wenzo ukifungwa na kuonekana juu kama mistari miwili ya chuma. Huo ni ubunifu wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, na uliuzwa kwa ukubwa wa aina mbili: mkubwa wa mwaka 1886, kwa risasi nzito, na mdogo wa mwaka 1892, kwa risasi fupi. Sanduku letu lilikuwa dogo, na chemba isingepokea risasi ndefu za ile ya 1886. Mdomoni, tukipima ndani ya mifereo (mistari iliyochongwa ndani ya kasiba kuizungusha risasi), tulipata kama milimita 10.8, kipimo cha risasi ya 44. Nyuma kidogo ya mahali pa shabaha palibaki tarakimu 44 na mkia wa herufi W.

Sasa mwaka 1884. Pembeni yake, kwa tochi iliyolazwa karibu na chuma ili kivuli kiingie kwenye mikwaruzo, tulisoma kipande cha neno la Kiingereza lenye maana ya "imepewa hataza" (hati ya kisheria ya kulinda ubunifu), kisha Oktoba, kisha 14. Tarehe 14 Oktoba 1884 ndiyo tarehe ya hataza ya Browning kwa mtambo wa vipingo viwili. Winchester, kiwandani kwao New Haven, waliendelea kuigonga kwenye kasiba za mtindo wa 1886 na hata za mtindo wa 1892. Ni tarehe ya karatasi ya kisheria huko Marekani. Haisemi lolote kuhusu siku ambayo bunduki hii ilitoka kiwandani.

Kwa hiyo maandishi yalikuwa ya kweli, na mjukuu aliyasoma sawasawa. Ila bunduki ya mtindo uliotoka 1892 haiwezi kuwa iliingia melini Februari 1887.

Kasiba ilikuwa ya mviringo, na urefu wake inchi 20, takriban sentimita 51. Upande wa kushoto wa sanduku palikuwa na kiguu cha pete ya tandiko, ingawa pete yenyewe ilishapotea. Hizo ni alama za karabini, bunduki fupi iliyotengenezwa kwa mtu wa farasi. Huku Pemba mwenyewe alipanda mnyama gani, sijui; labda punda.

Alama mbili zilibaki. Karibu na sanduku, chini ya rangi nyeusi ambayo grainda haikuifikia, palikuwa na mihuri midogo ya taji na vipande vya maneno ya Kiingereza yanayosema haikutengenezwa Uingereza. Sheria ya Uingereza ilitaka bunduki zinazouzwa kule zipigiwe majaribio ya baruti na kugongwa muhuri. Kwa hiyo ilipitia kwa mfanyabiashara wa Uingereza kabla ya kufika huku. Na upande wa kulia wa sanduku palikuwa na tarakimu tatu zilizogongwa kwa mkono, zimepinda, tofauti kabisa na tarakimu za kiwanda.

Hizi tatu zilinivutia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, na visiwa vyetu vimo humo. Silaha zilizoruhusiwa zilipaswa kupitia ghala la serikali, na za mfululizo hazikutolewa ila kwa mtu mwenye dhamana, kwa idhini. Bunduki kama hii katika shamba la karafuu ilikuwa na mwenye jina daftarini. Katika ripoti nilizinakili tarakimu tatu kama zilivyo, nikaandika "huenda ni namba ya usajili wa hapa", na neno "huenda" nikalipigia mstari.

Maamuzi, na nani alitaka nini

Polisi walitaka ikatwe au ichomelewe. Familia ilitaka ikamilishwe, ing'ae, hata ilie siku moja mbele ya wageni. Mimi nilitaka isiguswe. Hakuna aliyepata chote.

Kuifanya ipige tulikataa kwa kauli moja, mimi na fundi wa polisi. Chuma kilicholiwa vishimo na kutu hakijulikani nguvu yake, na bunduki inayopiga haiwezi kukaa kwenye kabati la maonyesho. Kuagiza vipande vilivyokosekana kutoka nje nako tulikataa: vipande vya bunduki vinahitaji idhini yake, na mwishowe ungekuwa na Winchester ya vipande vya bunduki kumi. Kukata na kuchomelea nikakupinga kwa maandishi, nikieleza kuwa moto ungeharibu mtambo ambao ndio ushahidi wetu wote. Tulikubaliana sindano ya kupigia itolewe ndani ya bolti, iandikwe, ihifadhiwe na polisi mbali na bunduki. Bila sindano, na bila bomba wala kilango, ilikuwa chuma chenye umbo.

Kuhusu kitako, nilikuwa nataka kuacha pengo. Kilichonibadilisha ni kibanzi. Tulipofungua skrubu ya ulimi wa nyuma, chini yake mlikuwa na kibanzi cha mbao kisichozidi ukucha. Vitako vya kiwanda vya Winchester vilikuwa vya mti wa jozi wa Marekani. Seremala tuliyemwita, fundi wa milango, alikikata ncha kwa wembe, akakilowesha, akakinusa.

"Hiki mfenesi," akasema.

Nilimwomba vipande vya mfenesi, msaji na mvule kutoka karakana yake, tukavilinganisha chini ya lenzi. Mishipa na rangi vilifanana na mfenesi, si na vingine. Maana yake kitako cha kwanza kilivunjika au kuoza, na mtu wa huku akachonga kingine kwa mti wa huku. Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko Stanley, kwangu mimi. Tukaamua kitako cha maonyesho kichongwe kwa mfenesi, kisipakwe rangi, na ndani yake kichomwe neno "nyongeza" na mwaka, asije mtu kesho akadanganyika.

Kutibu chuma, na kosa langu la kwanza

Kutu iliyobaki tuliiondoa kwa mkono, kwa vijiti vya mianzi na brashi laini, sehemu zenye maandishi zikiachwa. Kisha nilifanya haraka. Kulikuwa na siku ya watoto wa skuli kutembelea, na nilitaka ionekane. Nilipaka dawa ya tanini, inayogeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, nikafunika kwa nta ya wahifadhi.

Masika ilipoingia, vitone vya rangi ya chai vilichomoza chini ya nta kama jasho. Nilikuwa nimefungia chumvi ndani. Chuma kilichokaa miaka darini karibu na bahari, kikiwa ndani ya gunia linalonyonya unyevu, hunyweshwa kloridi hadi kwenye vishimo, na nta haizuii kinachotoka ndani.

Nikaanza upya. Nta ikaondolewa, vipande vyote vya chuma vikatenganishwa na kulowekwa kwenye maji yenye magadi makali, maji yakibadilishwa kila wiki. Kila yalipobadilishwa tulichukua kidogo, tukayatia asidi ya naitriki na matone ya naitreti ya fedha tuliyosaidiwa na maabara ya skuli. Chumvi ikiwepo, maji huwa meupe kama maziwa. Wiki za mwanzo yalikuwa tui la nazi. Ilichukua zaidi ya miezi mitatu mpaka yakabaki angavu. Ndipo tukakausha, tukarudia tanini na nta.

Wakati wa kusubiri nilijaribu, kwa udadisi tu, maji ya magome ya mkandaa kwenye misumari ya zamani. Magome ya mikoko yana tanini nyingi, na misumari ikawa myeusi vizuri. Kwenye bunduki sikuthubutu: mti uliokua ndani ya maji ya bahari unaweza kukurudishia chumvi ileile uliyohangaika kuitoa.

Matokeo

Bunduki imeandikishwa kuwa karabini ya Winchester mtindo wa 1892, kipimo cha 44, iliyopitia Uingereza, iliyotumika na kutengenezwa upya Pemba. Neno kwenye ulimi wa juu ambalo lingetaja mtindo lilikwanguliwa na grainda. Namba ya kiwanda iko mbele ya wenzo, chini ya sanduku, lakini tarakimu mbili za mwisho hazisomeki kwa uhakika, kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa hatukuuandika. Inakaa kwenye kisanduku kilichozibwa chenye vifuko vya kunyonya unyevu, na hutolewa kwa nadra. Mnunuzi aliposikia hakuna Tippu Tip, hakupiga simu tena.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni mpangilio: usalama, umbo, kisha maandishi. Tungeanza na 1884 tungetumia wiki kutafuta majina ya wapagazi. Kijiti cha mbao hakina gharama, na subira ya siku tisa iliepusha kuchokoa kitu ambacho kingeweza kuwa risasi.

Grainda ilituharibia kuliko miaka yote ya darini. Kutu ilikuwa imekula chuma, lakini ilikuwa pia imefunika herufi. Robo saa moja ikaondoa vyote. Fundi yule simlaumu, alifanya alichoambiwa. Chumvi iliyofungiwa ndani ni kosa langu mwenyewe.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na nililigundua mwishoni. Muda wote nilikuwa nikizungumza na mjukuu. Bibi wa nyumba, mwenye umri unaopita miaka 80, alikuwa barazani akituangalia tukiingia na kutoka, nami nilikuwa namwamkia tu, "Shikamoo bibi", napita. Nilipokwenda kumweleza kuwa bunduki haikuwa ya Stanley wala Tippu Tip, nilijiandaa kumpoza.

"Nani kasema ya Tippu Tip?" akauliza. "Hayo ya kwenye simu. Mimi, mwanangu, hamkuniuliza."

Akaeleza kuwa ilikuwa ya babu wa mumewe, ya kufukuzia nguruwe shambani, na kwamba alipoolewa akiwa kijana aliambiwa kitako chake kilivunjika ikapelekwa Wete kwa fundi, akatia kingine cha mti wa hapahapa. Kibanzi kilinichukua wiki mbili. Bibi alichukua dakika tano, na angeweza kunipa siku ya kwanza. Pia alikumbuka kuwa mwenye bunduki alikuwa na cheti, "karatasi yenye nambari", kilicholiwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Neno "huenda" katika ripoti sijalifuta, ila pembeni yake nimeongeza ushahidi wake kwa maneno yake.

Nilimletea kitako kipya akione kabla hakijafungwa. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza.

"Cheupe mno," akasema. "Kile kilikuwa cheusi kwa jasho la watu."